Mvua Niliyoisifu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi, hapa Tensta, mtaani kwetu Stockholm, kuna watu watawasimulia kwa kuongeza chumvi. Mimi Ladislaus, fundi wa lifti, mwenye diploma iliyopigwa mhuri Dar es Salaam, nilimzuia mke wangu mjamzito asikimbie mvua. Nilimshika mkono, nikamwambia asimame aipokee. Halafu nikaikinga ile mvua kwa viganja, nikampaka tumboni mbele za watu, huku nacheka.

Ilikuwa Jumatatu, mwisho wa Aprili, mwaka themanini na sita. Kama mlikuwa Sweden mwaka ule, mmeshajua ni mvua gani. Kama hamkuwapo, vumilieni kidogo. Hata sisi tulikuwa hatujui mpaka taarifa ya habari.

Kikundi chetu cha maombi kilikutana Jumatatu kwa sababu Jumapili nusu yetu tulikuwa kazini, tunasafisha ofisi au tunawageuza wazee wa Kiswidi vitandani. Wakati wa baridi tulisali kwenye chumba cha chini cha jengo letu, ukuta mmoja na mashine za kufulia, kwa hiyo zaburi zilikuwa zinashindana na shuka za majirani. Lakini theluji ikiisha na jua likikumbuka kazi yake, tulitoka. Tulibeba chai kwenye chupa na maandazi kwenye taulo, tukashuka mpaka kwenye uwanda wa Järva nyuma ya magorofa.

Huko tulikuwa na mchezo, na mwenye mchezo ni mimi. Nauita "Umemwona wapi?" Kila mtu anazunguka, anatafuta kitu kimoja, anarudi kutuonyesha na kutuambia Mungu amemwona wapi hapo. Cha mwaka jana hakirudiwi. Na hairuhusiwi kusema "nimemwona kila mahali." Hilo ni jibu la wavivu.

Siku hiyo Samwiri alituita kwenye kichuguu cha sisimizi. Samwiri ni Mganda, Mwanglikana, alikimbia kwao enzi za Amin, sasa anaendesha basi la Spånga.

"Angalieni hawa," akasema. "Miezi sita walikuwa chini kama wamekufa. Jua limetoka leo, wao wako kazini, hata chai hawajakunywa."

"Hao ni Waganda," nikamwambia. "Wangekuwa Wahaya wenzangu wangeitisha mkutano kwanza, wachague mwenyekiti."

"Na mwenyekiti angekuwa wewe, ssebo, na mkutano usingeisha."

Watu wakacheka. Binti yetu Domina, miaka kumi na moja, akatupeleka kwenye yale maua madogo ya bluu yanayotoka chini ya majani makavu. Nikainama nichume moja nimpe mama yake. Akanipiga mkono. "Nej, pappa!" Akaeleza kwa Kiswidi, na mimi nikawatafsiria wengine: maua haya yana sheria, ukichuma umevunja sheria ya nchi.

"Mungu umemwona wapi hapo, mwanangu?"

Akafikiri. Akanijibu kwa Kiswidi chake kwamba Mungu ndiye aliyewaambia watu wa serikali waandike hiyo sheria. Nikampa alama zote.

Ikabaki zamu ya mke wangu. Getrude alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono ndani ya koti, hajaenda kutafuta chochote.

"Mama Domina, umemwona wapi?"

"Nimemwona."

"Wapi sasa? Onyesha."

"Ladi, nenda kwa mwingine."

Mimi nilijua wapi. Mimba ilikuwa imevuka mwezi wa tatu. Mbili za kabla yake zilitoka kabla ya kufika hapo, na baada ya ile ya pili Getrude alikaa wiki nzima bila kuchana nywele. Safari hii tulikubaliana, au tuseme yeye aliamua na mimi nikaitikia, kwamba hatumwambii mtu mpaka tumbo lenyewe liseme. Lakini mimi siri huniwasha kama upupu.

Ndipo mvua ikaanza. Mvua nyembamba, wala si ya baridi sana. Watu wakakamata mataulo na chupa.

"Mnakimbia nini?" nikapaza sauti. "Tangu Novemba mnalia na barafu. Mungu ameyeyusha friji yake, anawamwagia maji, mnakimbia! Simameni!"

Baadhi wakasimama. Getrude akainuka aende kwenye miti, nikamshika mkono.

"Niache, nywele zangu."

"Nywele zitakauka." Nikakinga viganja mpaka vikapata maji kidogo. Nikalifungua koti lake, nikampaka pale mbele ya gauni. "Wewe uliye humu ndani, umetangulia kubatizwa. Padri atakuja kupiga mhuri tu."

Akina mama walipoelewa, wakapiga vigelegele. Getrude alinitazama kwa jicho la kuniua. Kisha akacheka. Hilo nalisema mlijue: alicheka. Akainua uso juu, akafungua mdomo kama mtoto, akaimeza ile mvua.

*

Nguo zetu zilikuwa zimetundikwa bafuni zinachuruzika tulipofungua televisheni. Wakasema asubuhi ile, kwenye kiwanda cha umeme wa nyuklia huko kaskazini, mfanyakazi alipita kwenye kipimo, kipimo kikapiga kelele. Viatu vyake vilikuwa na sumu ya mionzi. Wakatafuta walikovuja wao, hawakukuta. Sumu ilikuwa imetoka nje, kwa Warusi, kwenye kiwanda chao kilichopata ajali. Ilikuja na upepo na kushuka na mvua.

Getrude alikuwa anakunja soksi. Akaiweka ya mwisho mezani, akaenda bafuni, akafunga mlango. Nikasikia maji. Yakaendelea mpaka Domina akaniuliza kama mama anaumwa. Nilipofungua, Getrude alikuwa amesimama chini ya bomba na nguo zake mwilini, anajisugua tumbo kwa brashi ya sakafu.

"Mama Domina, utajichubua."

Hakuniangalia. "Nilimeza, Ladi."

*

Mei ile, sijui niwaelezeje. Tangu nifike nchi hii sijaona majira ya machipuko mazuri namna ile. Yalikuwa hayana aibu. Miti ya gome jeupe ilitoa vijani vidogo kama masikio ya panya. Ndege mweusi alipanda juu ya antena ya jengo letu akaimba kama analipwa. Nyasi zikajaa maua ya njano hadi kwenye nyufa za maegesho ya magari. Na wewe unatazama yote hayo unajiuliza ipi imekunywa ile mvua.

Serikali ilisema tusiogope, hakuna hatari. Ilisema pia ng'ombe wasitolewe nje, na mboga za majani za porini zisiliwe.

"Kama hakuna hatari," Getrude akauliza, "ng'ombe wamefungiwa nini?"

Nikamwambia labda wamekosa adabu.

Alikwenda kwa daktari. Daktari mpole, alimweleza vizuri kabisa, akamchorea na picha: kiasi kilichoanguka Stockholm ni kidogo, hakuna sababu ya kufikiri mtoto ameguswa. Getrude akamuuliza kama anaweza kuapa. Daktari akasema katika kazi yake hawaapi.

Basi. Hapo ndipo nyumba ilipofungwa. Alifunga madirisha, na joto lote lile. Domina akikanyaga mlangoni anavuliwa viatu, vinaoshwa, naye anaoshwa. Kukaa kwenye nyasi marufuku. Mtoto akawa anawatazama wenzake kutoka ghorofa ya sita wakicheza mpira, ananiuliza kwa Kiswidi kama Mungu amekasirika na nyasi. Na ile sala ya chakula ambayo Getrude ndiye aliyeisali tangu tuoane, siku moja akachukua kijiko akaanza kula. Tukala hivyo, na Domina akifumba macho peke yake.

Mimi nina dawa moja tu, nayo mnaijua. Jioni moja, tuko mezani, nikasema: "Mtoto akitoka anang'aa, si tutapunguza bili ya umeme?"

Getrude aliweka kijiko chini polepole. Akasimama, akakusanya sahani zote, na yangu ikiwa bado ina wali, akaenda kuziosha.

Kesho yake nilimsimulia Samwiri, nimesimama karibu na usukani wa basi lake kama utingo.

"Ulisema hivyo? Mbele yake?"

"Nilitaka acheke."

Akafika kituoni, akafungua milango, abiria wakashuka, akaifunga. "Ndugu yangu, wewe ukiogopa unacheka. Yeye akiogopa ananyamaza. Sasa nyumba moja ina watu wawili wanaoogopa, na kila mmoja anafikiri mwenzake haogopi." Akaingiza gia. "Funga mdomo wiki moja uone."

Nilifunga. Nilichokiona ni kwamba Getrude alikuwa ameshaamua.

*

Aliniambia jikoni, mchana, Domina akiwa shuleni. Alikuwa amesimama dirishani kunipa mgongo.

"Nimezungumza na mshauri wa hospitali. Ukishavuka mwezi wa tatu lazima umwone kwanza. Nimemwona. Wamenipa Alhamisi."

"Alhamisi ya nini?"

"Ladi."

Nikakaa. Lifti ikikwama ghafla kati ya ghorofa, kuna kimya ambacho watu wa ndani hukaa nacho kabla hawajaanza kupiga mlango. Nilikaa hivyo.

"Wewe, Getrude, utoe mimba? Wewe uliyesali novena hadi magoti yakaota sugu? Ulimwomba mwenyewe huyu mtoto! Daktari amekwambia hana kitu!"

"Daktari amesema hadhani."

"Mungu ndiye..."

"Usinihubirie." Akageuka. Hakuwa analia, na ingekuwa afadhali angelia. "Mimi ndiye ninayewaogesha."

Kazi yake ni nyumba ya watu waliozaliwa na ulemavu mkubwa, huko Flemingsberg, wale ambao hawatembei wala hawasemi. Anawaogesha, anawalisha, anawabadilisha. Kila jioni alikuwa anarudi na habari zao, hasa za kijana mmoja, Lennart, ambaye wazazi wake huja Krismasi, wanakaa bila kuvua makoti.

"Umenifuata kazini mara ngapi?" akauliza. "Miaka yote hii."

"Nyingi. Kila nikiwa na zamu ya asubuhi."

"Na umeingia ndani mara ngapi?"

Nikaanza kufuta meza kwa kiganja.

"Unasimama nje na maua ya watu. Unawatania madereva. Mimi natoka, unasema 'malkia wangu ametoka,' tunaondoka. Hujawahi hata kuvuka mlango. Mimi nimeona, Ladi, na nilikaa kimya, kwa sababu si kila mtu anaweza. Lakini sasa nakuuliza." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yakagusana. "Wewe Mungu unamwona kwenye maua. Unamwona kwenye sisimizi. Mwaka juzi ulimwona kwenye mavi ya sungura, watu wakacheka mpaka wakalia. Mtoto wetu akizaliwa kama Lennart, asiye na shingo ya kushika kichwa, utamwona?"

"Mungu hawezi kuruhusu..."

"Sikuulizi Mungu ataruhusu nini. Nakuuliza wewe. Utamwona?"

Macho yangu yalikimbia. Yalikwenda kwenye pazia, yakaenda kwenye birika, yakarudi kwenye pazia. Nilikuwa natafuta utani. Wallahi, mimi Mkatoliki, nilikuwa natafuta utani, na huku yule ndege wa antena anaimba nje ya dirisha lililofungwa.

Getrude aliyafuata macho yangu kila yalikokwenda. Halafu akanishika shavu, kwa upole, kama unavyomshika mgonjwa.

"Basi," akasema. "Sikulaumu. Lakini peke yangu siwezi."

*

Alhamisi hakutaka nimsindikize. Alimpeleka Domina shule, akanibusu kwenye paji la uso, akabeba begi dogo la nguo za kulalia. Nilimwangalia kutoka juu akikatiza uwanja, akipita mbali na nyasi, akitembea kwenye lami tu.

Mimi nilikwenda kazini Hallonbergen. Kulikuwa na lifti imekwama na bibi mmoja ndani. Nilimwambia kupitia upenyo wa mlango asiogope, na yeye akaniambia haogopi, ila anaomba nizungumze naye. Mimi, mwenye mdomo kama redio, sikupata la kumwambia. Nilimtoa, akanipa mkono, nikamwambia mwenzangu amalizie, nikaondoka na ovaroli langu la grisi.

Sikwenda hospitali. Nilikwenda Flemingsberg, kwenye ule mlango ninaosimama nje yake miaka yote. Msichana wa zamu alinijua. "Getrude hayupo leo," akasema. Nikamwambia najua, nimekuja kumsalimia Lennart.

Alinipeleka mwisho wa ukumbi. Nimwelezeje? Kijana mrefu, amekunjwa kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa kwa mikanda ya kitambaa, kichwa kimelala begani, mate yanatiririka kwenye kitaulo. Nilisimama. Miguu iliomba ruhusa ya kuondoka, nikainyima. Nikavuta kiti.

Nikatazama. Niliangalia kama ninavyowaambia watu waangalie kule uwandani, kwa utulivu, bila kupapasa jibu. Nikangoja nimwone Mungu. Naapa, sikumwona. Nilimwona Lennart tu. Ana kovu kidevuni. Kucha zake zimekatwa vizuri, na mimi najua nani anazikata. Alikuwa anakunja uso, anatoa sauti kooni, anakunja tena, nami nikidhani ni mimi ninayemtisha. Baadaye ndipo nikagundua. Jua la dirishani lilikuwa linampiga machoni, naye hawezi kugeuka.

Nikasimama nikavuta pazia.

Uso ukafunguka. Sisemi alitabasamu. Ulifunguka tu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Mkono wake ukatapatapa ukaangukia kwenye mkono wangu wenye grisi, ukakaa hapo, wa moto. Nami nikakaa. Nilisahau kuogopa, na nilisahau kutafuta la kuchekesha. Nilishituka msichana wa zamu alipoleta uji, akaniuliza kama nataka kumlisha mimi. Nikamlisha. Vijiko vingi vilitoka nje, vichache vikaingia.

Ndipo nikajua jibu. Halikuwa lile alilolitaka kila mtu kwenye mchezo wangu, la kuonyesha kwa kidole. Lilikuwa dogo sana, la kusema: nitaingia ndani, nitakaa. Nikamwachia yule msichana bakuli, nikakimbia.

*

Treni ilichelewa, au mimi ndiye niliyeona inachelewa. Njia nzima miti ya maua meupe ilikuwa imesimama kando ya reli kama watu waliovaa kwenda harusini. Kwenye behewa watu walinikwepa kwa ajili ya ovaroli. Hospitalini nilikosea jengo, nikarudi, nikapanda kwa ngazi kwa sababu siku hiyo sikuziamini lifti.

Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa. Kuna kitufe ukutani na kitundu cha kusemea. Nikabonyeza.

Sauti ya mwanamke ikajibu kwa Kiswidi, sauti nzuri tu, ya mtu aliyechoka. Nikasema mimi ni mume wa Getrude. Akaniuliza jina la ukoo, nikamtajia. Nikasikia karatasi.

"Yuko kwa daktari," akasema. "Ameshapewa dawa ya kwanza. Kaa hapo kwenye kochi, nitakuita."

"Ya kwanza," nikasema. "Kwa hiyo..."

Lakini alikuwa ameshaachia kitufe. Kitundu kikakoroma kidogo kikanyamaza.

Kochi lilikuwa la kijani. Sikukaa. Kupitia kioo chenye waya niliona ukumbi mrefu, milango imefungwa, mwisho kabisa dirisha limejaa majani na mwanga. Nikabonyeza tena. Nikaweka mdomo karibu na kile kitundu, na Kiswidi chote kikanitoka kichwani, miaka kumi na miwili ya Kiswidi, kikabaki Kiswahili cha kwetu.

"Dada, samahani. Mwambie Getrude nimeingia ndani. Kwa Lennart. Nimekaa naye, nimemlisha. Mwambie nilipochelewa kujibu si kwamba nilikuwa sina jibu, nilikuwa mwoga. Afanye anavyoona, sitamlaumu maisha yangu yote. Lakini mwambie kwanza. Kabla ya hiyo ya pili."

Nikangoja. Nikabonyeza tena, nikashikilia kidole hapo.

"Dada? Mwambie tu. Tafadhali."